Bustani za Nyanda za Baridi: Mmea wa Asili Uchaguliwe kwa Vigezo Gani?

Anayejenga nyumba Makete, Njombe, Molo au Kinangop hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Tanga au Mombasa hana haja nalo: apande nini kiwanjani ambacho usiku wa baridi hautakiunguza? Jibu lililozoeleka ni kwenda kwenye kitalu cha jirani na kununua kilichopo. Atarudi na miche ya msaipresi kwa ajili ya wigo, grivelia kwa ajili ya kivuli, mabungavilia ya getini na pengine mkaratusi wa nguzo. Ndiyo maana nyumba nyingi za nyanda za juu zimezungukwa na mimea ya Mexico, Brazili na Australia, ilhali kando ya mto ulio karibu, au kwenye kipande cha msitu kilichosalia, kuna mimea iliyoizoea baridi hiyo kwa maelfu ya miaka na hakuna aliyefikiria kuipanda.

Siku hizi wapo wanaotaka kugeuza mwelekeo huo. Wanazungumzia ndege, nyuki, maji na fahari ya kuwa na kitu cha kwao. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, nia njema peke yake imezaa makosa yake, kwa sababu wengi wanadhani mmea ukishaitwa wa Tanzania au wa Kenya basi unafaa popote ndani ya nchi hiyo. Uchambuzi huu unapinga dhana hiyo. Katika nyanda za baridi, mmea wa asili hauchaguliwi kwa mipaka ya nchi. Huchaguliwa kwa vigezo vitatu: mwinuko wa mahali, tabia ya usiku wa mahali hapo, na uoto uliokuwapo kabla ya mashamba na nyumba. Anayevizingatia vigezo hivyo atapata bustani inayojimudu. Anayevipuuza atapoteza fedha na muda hata kama kila mche alionunua una jina la kwetu.

Baridi yetu ina tabia yake

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, una baridi inayoizidi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 16 au 17. Lakini wastani huo hausemi kinachoua miche. Kinachoua ni usiku mmoja wa anga isiyo na wingu na upepo uliotulia, ambapo joto la ardhi hupaa bila kizuizi na kufikia alfajiri umande umeganda juu ya majani. Hiyo ndiyo sakitu. Jua likishachomoza, mmea wenye majani laini yaliyojaa maji hulegea, kisha hugeuka mweusi siku hiyohiyo. Mkulima wa viazi anaijua hali hii vizuri kuliko mtu yeyote.

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kwenye miteremko kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo katika kijiji kimoja, shamba la chini linaweza kuungua lote huku nyumba iliyo katikati ya mteremko haijaguswa. Ukuta au wigo mnene uliojengwa upande wa chini wa kiwanja nao huizuia hewa hiyo isitoke, na hugeuza bustani kuwa dimbwi la baridi. Kabla ya kuuliza mmea gani unafaa, mwenye nyumba aulize kwanza sakitu hukaa wapi kiwanjani kwake, na jibu atalipata kwa kutazama nyasi alfajiri.

Kalenda nayo hutofautiana. Kusini mwa Tanzania, kuanzia Njombe hadi Makete na Mbeya, mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Mei. Juni hadi Agosti ni miezi ya ukavu, anga huwa safi, na sakitu huja wakati udongo umekauka. Katika nyanda za kati za Kenya mambo ni mengine. Julai ya Limuru ni ya ukungu na manyunyu: ni baridi inayotia watu homa, lakini mawingu hulifunika joto la ardhi lisipotee usiku, hivyo sakitu si kawaida. Huko hofu huja Januari na Februari, mvua za vuli zikishapita na anga ikafunguka. Ndiyo sababu chai ya Kericho na Nandi huunguzwa na baridi mwanzoni mwa mwaka. Basi mche unaopandwa Limuru lazima uvumilie wiki kadhaa za unyevu na ukungu wa majani, na ule wa Makete lazima uvumilie ukame na sakitu kwa pamoja. Ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Tofauti kubwa zaidi ni ile iliyopo kati ya baridi yetu na ya Ulaya. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo majira ya baridi huja mara moja kwa mwaka, hukaa miezi, na mimea hulala mpaka yapite. Huku kwetu baridi huja usiku na kuondoka asubuhi, na mchana jua la tropiki huwaka kwa nguvu. Mmea haupati nafasi ya kulala. Tulipu, kwa mfano, huhitaji wiki nyingi za baridi mfululizo ndipo ichanue vizuri, na baridi ya namna hiyo haipo Njombe wala Nyahururu. Mchana wetu nao ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, wakati maua mengi ya kaskazini husubiri mchana mrefu ndipo yatoe vichanuzi. Mashamba ya maua ya biashara nchini Kenya hulitatua hilo kwa kuwasha taa usiku, jambo ambalo mwenye bustani ya nyumbani hana sababu ya kuligharamia. Mimea ya milima yetu imeundwa kwa hali hii hasa: usiku wa kuganda, mchana wa jua kali, na mwaka usio na likizo.

Uasili una mwinuko wake

Hatari ya kufuata mipaka ya nchi inaonekana wazi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mimea kutoka pembe zote za dunia. Miongoni mwa miti iliyopandwa Amani katika karne ya 20 ni msizi, Maesopsis eminii, ambao kwao ni Bukoba, Uganda na misitu ya magharibi zaidi. Ni mti wa Tanzania kwa kila hali. Lakini hondohondo walizila mbegu zake, wakazisambaza katika misitu iliyokuwa imekatwa mbao, na msizi ukaenea mpaka ukawa tishio kwa miti ambayo haipatikani popote duniani isipokuwa katika safu hiyo ya milima. Mti ulihama ndani ya nchi moja ukageuka mvamizi.

Kuna funzo jingine la milima hiyohiyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alituma Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland alilitangaza kisayansi kwa jina la Saintpaulia, na leo liko madirishani katika nyumba za mabara yote. Mtu wa Makete anayelitaka ua hilo kwa kuwa ni la kwetu atalipoteza usiku wa kwanza wa sakitu. Makao yake ni miamba yenye kivuli na unyevu wa daima, mahali pasipoganda kamwe. Ndivyo ilivyo pia kwa Impatiens walleriana, ua la kivulini linalopatikana kwa asili kuanzia Kenya hadi Msumbiji na linalouzwa Ulaya na Marekani kila majira ya joto. Ni la Afrika Mashariki, lakini si la mahali penye sakitu. Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, litastawi. Kinangop halitaweza.

Kigezo cha tatu, uoto wa awali, ndicho kinachosahaulika zaidi. Watu wengi wakisikia mimea ya asili huwaza miti tu. Lakini Kitulo, ambayo mwaka 2005 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa sababu ya maua yake na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ni uwanda wa nyasi. Mvua zinaponyesha, zaidi ya aina 350 za mimea hujitokeza pale, zikiwemo aina 45 za okidi. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kinangop nayo ilikuwa nyasi, na ndege aitwaye Macronyx sharpei, ambaye hapatikani nje ya nyanda za juu za Kenya, huishi katika nyasi fupi za nyanda hizo na si penginepo. Nyasi zinapolimwa au kugeuzwa kichaka cha miti, hana pa kwenda. Kupanda miti 50 kwenye uwanda wa nyasi, hata kama yote ni ya kienyeji, si kurudisha asili. Ni kuibadilisha. Mwenye kiwanja katika maeneo hayo atafanya vyema zaidi akiacha sehemu pana ya nyasi ndefu na maua yanayochipua kutoka kwenye matunguu ya ardhini, na miti akaiweka karibu na nyumba na kandokando ya mto, mahali ambapo huota yenyewe.

Wageni walikujaje, na lawama yao ni ipi

Haki inataka tuseme kwamba miti ya kigeni haikuja kwa upuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mikaratusi ililetwa Kenya ili kulisha treni za reli ya Uganda kwa kuni. Miwati ilikuja kwa sababu maganda yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi, na mwaka 1949 kampuni ya miwati ilianzishwa Njombe kwa ajili ya biashara hiyo. Msaipresi wa Mexico na misindano vilijaza mashamba ya mbao. Miti hii hukua haraka, mbegu zake hupatikana, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa nguzo na mbao zake. Kadhalika matofaa, mapeasi na mapichi ya bustani za baridi yote ni mageni, na hakuna mwenye akili atakayemwambia mama wa Lushoto ang'oe mipichi yake.

Lawama inaanza pale mti wa shamba unapofanywa mti wa nyumbani, na pale mmea usiozuilika unapotumiwa kama pambo. Mwati na Lantana camara, ambayo wengi huipanda getini kwa ajili ya maua yake ya rangirangi, wote wawili wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ndege hula tunda la lantana na kwenda kuliotesha malishoni, na ng'ombe anayekula majani yake huugua. Mkaratusi nao hunywa maji mengi, kiasi kwamba mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira wa Kenya, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe.

Jambo la pili ni hatari ya kutegemea aina moja. Mwaka 1986 mdudu mafuta wa msaipresi aligunduliwa Malawi, na kufikia 1990 alikuwa ameingia Kenya. Wigo ambazo watu walizikata kwa ustadi kwa miaka mingi zilikauka na kubaki kahawia, nyumba baada ya nyumba, kwa sababu kila mtu alikuwa amepanda kitu kilekile. Tukio hilo halikuthibitisha kwamba kila mgeni ni mbaya. Lilithibitisha kwamba wigo wa aina moja, wa kigeni au wa kienyeji, ni kamari.

Tuanze na wigo

Wigo ndio mmea wa kwanza ambao mwenye kiwanja hununua, hivyo mabadiliko yakianzia hapo yanaonekana upesi. Mchongoma wa miiba uliozoeleka, ambao Kenya huitwa kei apple, asili yake ni kusini mwa Afrika. Nduguyo wa kwetu ni Dovyalis abyssinica, ambao Wakikuyu huuita mukambura. Huota wenyewe katika misitu ya baridi kati ya mita 1,700 na 3,000 hivi, una miiba ya kutosha kumkatisha tamaa mwizi, na matunda yake ya rangi ya chungwa, yenye uchachu wa kupendeza, hufaa kwa jamu. Kwa kuwa mti wa kike na wa kiume ni tofauti, anayetaka matunda apande miche kadhaa. Ukichanganywa na Dodonaea, kichaka kigumu kinachovumilia udongo mkavu na mkasi wa kukatia, na mitarakwa michache iliyoachwa irefuke, wigo huo hauwezi kuangamizwa na mdudu mmoja.

Katika miteremko isiyopata sakitu kali, kama Marangu, masale wamekuwa wigo tangu enzi za mababu. Kwa Wachaga sale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na pia ni jani la kuombea msamaha: anayelipokea huona vigumu kuikataa suluhu. Huu ni mfano wa watu waliochagua mmea wa mahali pao wakaupa kazi ya bustani na ya jamii kwa pamoja, na kwa kuwa huota kwa kipande cha shina, hakuna aliyehitaji kitalu.

Miti: michache, na kwa nafasi

Kiwanja cha kawaida hakihitaji miti mingi mikubwa. Miwili au mitatu iliyochaguliwa vizuri inatosha. Mtarakwa, Juniperus procera, hukua polepole lakini huishi muda mrefu sana, na mbao zake haziliwi na mchwa. Mpodo una kivuli kizito na matunda yanayopendwa na ndege. Mzeituni wa porini hauogopi ukame wa miezi ya baridi. Yote hii ipandwe mita 10 au zaidi kutoka kwenye nyumba, kwa maana anayepanda mtarakwa leo anampandia mjukuu, na mjukuu huyo hatapenda kuukata kwa kuwa umeegemea paa.

Kwa walio juu zaidi, kuanzia mita 2,300, mti wa kuangaliwa kwa karibu ni Hagenia abyssinica, mumondo kwa Kikuyu. Gome lake ni jekundu na hubanduka vipandevipande, majani yake ni marefu yenye manyoya laini, na maua hushuka kwa vishada vinavyoweza kuzidi urefu wa mkono hadi kiwiko, vya kike vikiwa na wekundu mzito na vya kiume vikiwa vyepesi zaidi. Kivuli chake si kizito, hivyo mboga huweza kuota chini yake, na majani yanayoanguka huoza upesi na kurutubisha udongo. Ni vigumu kutaja mti wa kigeni unaofanya kazi zote hizo kwenye baridi ya kiwango hicho.

Kwa nyuki, Dombeya torrida ina maua meupe mengi na hukua kwa kasi ya kuridhisha, hivyo inamfaa asiye na subira ya mtarakwa. Prunus africana, muiri wa Wakikuyu, una faida ya ziada: gome lake hutumika kutengeneza dawa za tezi dume, na uvunaji wa kupita kiasi uliifanya biashara yake iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Kila muiri unaopandwa nyumbani ni mti mmoja zaidi wa kutoa mbegu. Mugumo, ule mtini wa porini, kwa upande mwingine, usipandwe karibu na msingi wala tangi la maji, hata kama heshima yake ni kubwa. Mizizi yake haina adabu kwa zege.

Maua na wanaoyategemea

Hapa ndipo utajiri wetu ulipo, na hapa ndipo tumejisahau zaidi. Gladiolus dalenii, ua la porini linaloenea kutoka kusini mwa Afrika hadi nyanda zetu, ni mmoja wa wazazi wakuu wa glayola zinazouzwa madukani duniani kote. Kniphofia thomsonii, inayoota kwenye nyasi zenye unyevu kando ya vijito vya milimani, imepandwa katika bustani za Uingereza na huko huvumilia baridi. Sisi tunanunua mbegu za maua ya Ulaya, Ulaya inapanda ya kwetu.

Tuitazame Kniphofia kwa makini. Majani yake ni marefu na membamba, yakitoka moja kwa moja kwenye shina lililo ardhini. Kikonyo husimama wima kwa mita moja hivi, kikiwa kimezungukwa na maua ya rangi ya chungwa na manjano, membamba yenye umbo la mrija, yanayoinama chini. Umbo hilo lina kazi: mdomo mrefu uliopinda wa chozi huingia ndani ya mrija kufuata utomvu mtamu, na ndege hutoka na chavua usoni. Sakitu ikiunguza majani, shina la ardhini hubaki salama na kuchipua upya. Baada ya misimu michache shada huwa kubwa, na mwenye bustani huweza kuligawanya kwa jembe mwanzoni mwa mvua na kuwapa majirani.

Idadi ya maua ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti waliofanya Kenya kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu. Waligundua kwamba ndege huyo hulinda eneo la maua ya Leonotis, akiwafukuza wengine, na kwamba ukubwa wa eneo hubadilika lakini idadi ya maua ndani yake haibadiliki sana: takriban 1,600, kiasi kinachotosha kumpa nguvu za siku. Kwa mwenye bustani maana yake iko wazi. Shina moja la Leonotis lililopandwa kama pambo halimlishi chozi. Panda kwa mashada makubwa ya aina chache, na zipishane majira ya kuchanua ili pasiwe na mwezi wa njaa. Leonotis ocymifolia, yenye maua ya chungwa yaliyopangika kwa pete kuzunguka kikonyo, Kniphofia na aloe za milimani zikipishana, bustani haitakosa ndege.

Kwa rangi nyingine ipo Hypericum revolutum, kichaka cha maua makubwa ya manjano ambacho majani yake hutoa harufu ya bizari yakilowa mvua. Ipo Delphinium leroyi yenye maua meupe ya kunukia, na ndugu yake Delphinium macrocentron wa buluu na kijani. Zipo Helichrysum, ambazo maua yake hubaki na umbo na rangi yakikauka. Na kwa chakula, kona moja ya nyuma ikiachiwa thabai, ule upupu wa nyanda za juu ambao Wakikuyu huuchemsha na kuuponda na viazi, mboga haitakosekana wala viwavi wa vipepeo hawatakosa makao.

Hata kapeti la nyasi halihitaji kununuliwa mbali. Nyasi za kikuyu, zinazopandwa viwanjani Afrika Kusini, Australia na California, kwao ni nyanda zetu. Sakitu huzigeuza kahawia, kisha hurudi zenyewe kwa mashina yanayotambaa. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake: huingia kwenye vitanda vya maua bila kuchoka, hivyo ni lazima zichimbiwe mfereji mdogo na kukatwa kandokando kila mara.

Miche itoke wapi

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni upatikanaji. Mwenye kitalu huotesha kinachonunuliwa, na mnunuzi hununua kinachooteshwa. Jawabu la haraka ambalo wengine hulifuata ni kwenda msituni au Kitulo na kung'oa. Hilo ni kosa lisilo na utetezi. Okidi za uwanda huo tayari zimeumizwa na uchimbaji wa viazi vyake vinavyouzwa Zambia kutengenezea chikanda, na okidi ya ardhini ikihamishwa kwa kawaida hufa, kwa sababu huishi kwa kushirikiana na kuvu waliomo katika udongo wake. Okidi ziachwe zilipo.

Mbegu ndiyo njia halali, na kila mti una masharti yake. Ya muiri hupoteza uhai upesi, hivyo ioteshwe ikiwa mbichi. Ya mzeituni wa porini ina ganda gumu linalohitaji kupasuliwa kwa uangalifu. Ya Hagenia ni ndogo mno, isifukiwe kwa kina. Nchini Kenya, taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI huko Muguga huuza mbegu za miti ya kienyeji, na Tanzania kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mbegu iliyokusanywa karibu na mwinuko wako ni bora kuliko ya mbali hata kama ni ya jina lilelile, kwa kuwa mti mama wa mita 2,400 tayari umepita katika mtihani ambao wa mita 1,500 haujaufanya.

Miche ikishapatikana, ipandwe mwanzoni mwa mvua ili mizizi ishike kabla ya miezi ya sakitu. Kwa misimu miwili ya kwanza ifunikwe usiku kwa kichanja cha nyasi au majani makavu, kisha ifunuliwe asubuhi. Matandazo yaachiwe nafasi kuzunguka shina wakati wa sakitu, kwa maana udongo ulio wazi na wenye unyevu hupokea joto la mchana na kulirudisha usiku. Miche laini zaidi iwekwe karibu na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na migumu ipelekwe bondeni.

Je, juhudi hizi zina matunda kweli? Tigoni, karibu na Limuru, katika viwanja vya Brackenhurst, mtaalamu wa mimea Mark Nicholson na wenzake walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuondoa mikaratusi, misaipresi na miwati na kupanda miti ya kienyeji mahali pake. Palipokuwa na miti ya kigeni sasa pana msitu wenye tabaka za miti, vichaka na mitambaa, na ndege wa msituni wamerejea. Wanaosema kwamba miti ya asili haikui katika umri wa mtu wakautazame msitu huo.

Bila shaka kiwanja kimoja hakiwezi kurudisha msitu. Lakini miji ya nyanda za juu inapanuka, na eneo lililo chini ya mamlaka ya wenye nyumba ni kubwa kuliko tunavyodhani. Uamuzi wa halmashauri kugawa miche 1,000 ya aina moja kila siku ya upandaji miti, au kugawa ya aina 10 zinazolingana na mwinuko wa kata husika, una uzito mkubwa kwa miaka 50 ijayo. Vivyo hivyo uamuzi wa mnunuzi anayeingia kitaluni na kuutaja kwa jina mti anaoutaka. Mwenye kitalu akiulizwa mukambura na wateja watano katika msimu mmoja, msimu unaofuata atauotesha. Kwa hiyo, kabla ya mvua zijazo, fanya mambo matatu: ujue mwinuko wa kiwanja chako, utazame alfajiri sakitu inapokaa, na umwulize mzee wa eneo hilo palikuwa na nini kabla ya mashamba. Majibu hayo matatu ndiyo orodha yako ya ununuzi, na usikubali kupewa nyingine.